Mashine Iliyopandishwa Kasi

Mkasi alibonyeza kitufe cha kuwasha, kisha haraka akaweka kidole kwenye kibodi kabla mashine haijaamka sawasawa. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka, mweusi, wenye tarakimu nyeupe. Aliitafuta tarakimu ya kasi ya prosesa, akaipandisha daraja moja. Volteji hakuigusa. Akahifadhi, akatoka, akakaa mikono ikiwa mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Mashine ikawaka. Akaifungulia programu ya majaribio, ile inayoikamua prosesa bila huruma, na kando yake akaweka kidirisha cha joto. Mstari ulipanda, ukapanda tena, ukatulia chini kidogo ya pale alipoambiwa asivuke. Feni zilivuma. Hakuinuka. Fundi aliyemfundisha kazi hiyo alimwonya asiiamini mashine kwa sababu tu imekaa vizuri kwa muda wa kunywa chai. Aiache ihangaike, aitazame, ndipo aende daraja linalofuata.

Jina la Mkasi alipewa na marehemu mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata na kuunga picha tangu enzi za kanda. Mume alipiga picha za harusi, mke alikata, na studio ikawa yao wawili. Mume alipofariki, mdogo wake alikuja kuhani akabaki. Alisema biashara ni ya ukoo na lazima asimame mwanamume, na wazee wakaitikia kwa vichwa, maana kuitikia hakugharimu kitu. Mkasi aliambulia kiti kimoja katika chumba cha nyuma, mbele ya mashine ya kuhariri, na kwa kiti hicho alishukuru. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote alipolikumbuka baadaye, kwamba alishukuru.

Shemeji yake hakuwa mtu mbaya wa kuonyeshwa kidole. Hakuwahi kumpazia sauti. Alikuwa na ulimi wa asali, na kila alipotaka kukunyang'anya kitu alianza kwa kukuvika kilemba cha ukoka. Wiki kadhaa sasa alikuwa akimtaja kijana mmoja mjuzi mno wa kuhariri, tena akimtaja kwa upole, kama anayemzungumzia mchumba wa mtu mwingine. Alisema dunia imekimbia, shemeji, na wateja hawasubiri tena. Mkasi alijibu kwamba anayetambaa si yeye, ni mashine. Shemeji akacheka, akasema basi tuone. Filamu ya harusi ya Jumamosi ikitoka kwa wakati, kiti ni chako. Isipotoka, tusilaumiane.

Filamu yenyewe haikuwa ya harusi hasa. Bibi harusi alileta kanda za zamani za mama yake, aliyefariki binti akiwa bado shule ya msingi. Kanda zilikuwa zimeota ukungu. Picha ilikatikakatika, sauti ilikwama. Humo ndani kulikuwa na mama akifua, mama akimfukuza mtu wa kamera, na mwisho kabisa mama anageuka, anaitazama kamera na kumsemesha binti yake. Binti alikuwa ameshaisahau sauti hiyo. Alimwambia Mkasi kwamba hataki kuisikia kabla ya siku yenyewe. Anataka kuisikia mbele ya watu wote, amevaa shela, ili na yeye awe na mama harusini.

Kusafisha picha moja moja kulihitaji nguvu ambayo mashine ile kongwe haikuwa nayo. Kwa mwendo wake, filamu ingekuwa tayari bibi harusi akiwa na wajukuu. Ndipo Mkasi alipomwendea fundi, na fundi akamwambia kwamba prosesa ile ina nguvu iliyobanwa na inaweza kuongezwa kasi, mradi mwongezaji awe na subira. Mkasi akarudi, akaifungua mashine ubavu, akapuliza vumbi lililoganda kama manyoya ya paka. Akang'oa pande la bati linaloipoza prosesa, akafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka, akaweka tone jipya dogo, akarudisha bati na kukaza skrubu kwa kupishanisha pembe ili lisilale upande. Kisha akaanza kupandisha, daraja kwa daraja. Lipo daraja moja mashine ilipoganda kabisa na skrini ikawa ya buluu. Alirudi nyuma madaraja mawili. La kwanza lilitosha, la pili alilishuka kwa ajili ya bibi harusi.

Alipomwita fundi aje kuikagua, fundi aliyatazama yale majaribio akaridhika. Alimsisitizia neno moja tu: kasi hii ameipima humu, penye kiyoyozi, ubavu wa mashine ukiwa wazi. Siku ikihamishwa, airudishe kwanza kwenye kasi yake ya kiwandani, kwa sababu chumba kikibadilika, vipimo vyote vimekufa.

Filamu ilimalizika asubuhi ya Jumamosi. Mkasi aliitazama yote peke yake, na mama wa watu alipogeuka na kusema, alijikuta ameweka kiganja mdomoni. Alikuwa anatafuta flashi ya kutolea nakala wakati mlango ulipofunguliwa. Shemeji aliingia na wabebaji wawili. Mashine aliyokodi kwa ajili ya ukumbini, ile ya kuchanganya picha za kamera na kuzirusha kwenye skrini kubwa, ilikuwa imemwangusha, na sasa hakuna iwezayo kazi hiyo isipokuwa hii.

Alitazama kipande cha filamu akiwa amesimama. Akatikisa kichwa taratibu.

"Shemeji, wewe ni hazina," alisema. "Nimesema tangu zamani, wewe ni hazina. Ndiyo maana Jumatatu nataka ukae mbele, mapokezi. Wateja wanakupenda. Huku nyuma atakaa yule kijana."

Mkasi alidhani hajasikia vizuri. "Ulisema ikitoka kwa wakati nabaki."

"Na imetoka. Kwa hiyo nakupandisha cheo. Utajifungia huku na mafeni mpaka lini?"

Wabebaji walijitia hamnazo, wakaangalia sakafu. Mkasi alikitazama kiti chake, mto wake uliochanika juu ya kiti, kisha mashine aliyoikeshea siku zote zile. Alielewa wakati huohuo kwamba alikuwa amemtengenezea kijana mashine nzuri.

Shemeji alikuwa ameshachomoa nyaya. Alichukua kile kifuniko cha ubavu kilichoegemezwa ukutani, akakirudisha mahali pake, akakikaza. Kabla ya kuwaashiria wabebaji, alimgeukia, na kwa mara moja maishani akauliza jambo la maana.

"Kuna lolote la kujua kabla hatujaibeba?"

Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Na kuirudisha kasi ile kulihitaji muda mfupi kuliko wa kufunga viatu.

"Hakuna," Mkasi alisema. "Mashine ni mashine."

Ukumbi ulikuwa umejaa na ulikuwa wa moto. Wapambaji waliiweka mashine chini ya meza, sambamba na vipaza sauti, wakaifunika meza kwa kitambaa cheupe kizito mpaka sakafuni, kwa kuwa nyaya zinaharibu mandhari. Mkasi alikaa nyuma ya meza hiyo kwa sababu filamu ni yeye wa kuifungulia. Aliingiza mkono chini ya kitambaa, akausikia upepo wa feni, mkali na wa moto. Hakufungua kidirisha cha joto. Hakutaka kujua.

Alikuwa na hesabu zake. Kamera zote zinakuja pamoja kwenye mashine, skrini ni kubwa, na shemeji amesimama katikati ya ukumbi na suti yake, akiwaeleza wakwe na mabosi jinsi studio yake inavyorusha picha papo hapo. Kwa kazi ile mashine isingefika mbali. Itazima mbele ya watu wake, shemeji ataona haya, watakimbizana, itapoa. Filamu bado iko mbele, na hapo yeye atairudisha kasi chini kimyakimya na kuifungulia. Alimwombea shemeji aibu kwa moyo mmoja.

Mashine haikuzima. Maharusi waliingia, wakacheza, wakakata keki, na picha zikaruka kwenye skrini laini kama maji. Watu walipiga makofi. Shemeji alipeana kadi na watu watatu. Mkasi alikaa na jasho likimshuka mgongoni, akaona jambo ambalo hakulitegemea: alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno. Yale madaraja mawili aliyorudi nyuma, lile tone la pesti, zile skrubu, vyote vilikuwa vinamshikilia shemeji pale alipo. Angeweza bado kusimama na kuomba mapumziko mafupi. Mshereheshaji akaita filamu, taa zikazimwa, na kidole chake kikabonyeza.

Mama alifua kwenye skrini. Alimfukuza mtu wa kamera, na ukumbi mzima ukacheka. Bibi harusi alikuwa amesimama mbele peke yake, mikono ameifumbata kifuani. Mama alianza kugeuka. Midomo yake ilifunguka.

Skrini ikawa nyeusi.

Mkasi aliwasha. Mashine ikaamka, ikazima. Akawasha tena, ikazima kabla hata ya kufika kwenye ukurasa wa zile tarakimu. Walijaribu kuuliza kama kuna nakala popote, na nakala haikuwapo popote. Taa zikawashwa. Shemeji alichukua kipaza sauti na kuomba radhi kwa sauti yake ile nzuri. Aliwaambia wageni kwamba mama yetu huyu, kwa nia njema kabisa, aliifunguafungua mashine bila kumshirikisha mtu, na ndiyo matokeo yake, lakini tumsamehe, ni mzee wetu. Vichwa viligeuka vyote pamoja. Mkasi angeweza kumkana kama lingekuwa uongo. Lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ilikuwa mbaya zaidi.

Muziki ukarudi, watu wakaanza kutafuta mikoba yao. Aliinua kitambaa, akaingia chini ya meza, akaiondoa mashine ubavu kwa sarafu kwa kuwa bisibisi hakuwa nayo. Joto lilimpiga usoni. Akakaa sakafuni kuisubiri.

Baadaye aliona shela. Bibi harusi alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa mashine, viatu ameshika mkononi.

"Amekatikia wapi?"

"Pale anapogeuka."

"Kwa hiyo hajasema bado."

"Bado."

"Itawaka, mama?"

"Ikipoa."

Bibi harusi alikubali kwa kichwa. Wanja ulikuwa umemchuruzika mpaka shavuni na hakujali kuufuta. Nje magari yalianza kuwashwa, moja baada ya jingine, na mtu fulani alikuwa akimwita, akiuliza wapi amekwenda.

"Nimesikia wanavyokusema," alisema. "Usiwasikilize. Mimi najua ulivyohangaika na mama yangu."

Akachukua kadi ya ratiba ya sherehe iliyokuwa imeanguka sakafuni, akaikunja katikati iwe ngumu, akaanza kuipepea ile prosesa, polepole, kama mtu anayempepea mgonjwa. Mkasi alifungua mdomo. Bibi harusi akamwinulia macho, akasubiri huku mkono ukiendelea. Mkasi akasogea kando kidogo, akakishika kitambaa na kukiinua juu zaidi, ili upepo upate pa kupita.