Nia ya Misa kwa Molekuli za Oliva

Jamani, mama zetu hawa! Paskalina wa Mfaranyaki alikwenda parokiani akaandikisha nia ya misa, na Jumapili padri akaisoma bila hata kutabasamu: "Tuziombee molekuli za Oliva, zipunguze mwendo." Oliva, bintiye, aliyekaa benchi la tatu, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alijitakia mwenyewe. Alikuja kutoka Ujerumani kumzika babu yake, akamweleza mama kazi yake ya masomo: molekuli za gesi, chembe ndogo zisizoonekana, hukimbia mno, na kitu kinachokimbia hivyo hakipimiki sawasawa. Mashine yake ilitakiwa izikamate kwa nguvu za umeme, izipunguze mwendo, zitoke katika mwale mwembamba wa baridi kali, zipimwe kwa utulivu. Mwale wenyewe haukuwahi kuonekana. Mwenzake aitwaye Leo alibaki kule akijaribu kwa mara ya mwisho. Ikishindikana, masomo basi, arudi nyumbani mikono mitupu. Huyo Leo angepiga simu mchana huo, dukani kwa Daimu, ambaye tangu biashara huria iingie alikuwa ameweka simu ya kulipia.

Basi watu walipotoka kanisani walikuwa wameshakata shauri: mtoto wa Paskalina ana ugonjwa wa Ulaya, kuna vitu vinamkimbia mwilini. Wakamfuata hadi dukani na unga, jogoo na ndoo ya togwa.

"Shikamoo, bibi," Oliva alimwamkia jirani yao, Bibi Notburga.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umekonda kweli."

Angeanzia wapi kueleza? Macho yake yalikuwa kwenye simu.

Simu ikalia. Daimu akampa.

"Oliva, zimepungua mwendo!" Leo alipiga kelele. "Mwale tumeuona. Tumerudia, bado upo!"

Akakaa juu ya gunia la mchele, analia, anacheka.

"Wanasemaje?" Paskalina aliuliza, mikono kichwani.

"Zimepungua mwendo, mama."

Weee! Vigelegele vikapasua duka. "Alhamdulillahi!" akasema Daimu, naye haelewi chochote. Bibi Notburga akainama, akamshika Oliva mashavu.

"Kwa hiyo umepona?"

Oliva akawatazama watu wale, waliobeba chakula chao kwa ajili ya ugonjwa wasioujua hata jina.

"Nimepona, bibi," alisema. "Tena nina njaa."