Sentimita Tatu za Kila Mtu

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika ukutani: hapa hatuaibishani. Ukiona mwenzako kakosea, unanyamaza, unasubiri ageuke, unarekebisha kimyakimya, yameisha. Watu watatu walikuwa wamefanya kazi hivyo miaka sita bila kununiana hata siku moja, na walijisifu kwa hilo kila walipopata wa kumwambia. Mimi nasema ilikuwa bahati tu, lakini tuendelee.

Wa kwanza alikuwa mchoraji, mwanamke wa miaka thelathini na ushei. Walimwita Penseli kwa sababu alikuwa na mtindo wa kuchomeka penseli kwenye nywele, kisha akazunguka karakana nzima akiitafuta. Wa pili alikuwa Fundi, seremala, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye alipima, akakata, na hapohapo akasahau alichopima. Wa tatu alikuwa Mama Sponji, mshona matakia. Huyo ndiye aliyesema maneno yote ambayo Fundi aliyabakiza.

Safari hii kazi ilitoka zahanati. Nesi mkuu alitaka viti arobaini vya chumba cha kungojea, ila kabla ya kukubali alitaka kuona kimoja kwa macho yake. Angekuja Ijumaa, saa nne asubuhi. Kwa Fundi na Mama Sponji ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kwa Penseli, wapi!

Mama yake Penseli alikuwa amegomewa na magoti. Kila mwezi alikwenda zahanati hiyohiyo, na mabenchi ya pale yalikuwa mafupi kama ya watoto wa chekechea. Mwaka uliopita Penseli alikwenda kumchukua, akafika mlangoni wakati nesi mkuu na mwanamume mmoja wamemshika mama yake kwapani, wanamvuta, moja, mbili, tatu, huku mtandio umedondoka na chumba kizima kinatazama. Penseli alirudi nyuma hatua mbili ili mama yake asijue kama ameonwa. Tangu siku hiyo mama alingoja akiwa amesimama, hata iwe asubuhi nzima. Ukimuuliza anasema, "Mimi kusimama napenda tu, mwanangu."

Anapenda kusimama! Magoti yale! Penseli alikuwa anataka kitu kimoja tu, mama yake akae kwenye kiti na anyanyuke bila mkono wa mtu.

Jumatatu walitengeneza kiti cha majaribio, mbao za bei poa, hakijapakwa hata vanishi. Mama aliletwa akikalie. Alikaa, na miguu yake ikabaki inaning'inia, maana ni mwanamke mfupi na kimo cha kiti kilikuwa sentimita arobaini na nane.

"Kinafaa?" Penseli aliuliza.

"Kizuri mno," mama alisema, akichezesha vidole hewani.

"Kizuri," alisema Fundi.

"Kizuri, shoga yangu, sina la kuongeza," alisema Mama Sponji. Hiyo peke yake ingetosha kumshtua Penseli.

Wote waliiona ile miguu. Hakuna aliyefungua kinywa.

Jioni hiyo Penseli aliona haya kutangaza kwamba amekosea kimo. Alichukua kifutio, akafuta arobaini na nane kwenye mchoro, akaandika arobaini na tano. Asubuhi alimpa Fundi mchoro, akaenda zake kutafuta penseli.

Fundi, naye, alikuwa amelala anaiwaza ile miguu. Masikini, huyu binti hajaona kama kiti kiko juu, alijisemea, na mimi nikimwambia nitamvunja moyo. Basi akapima kama mchoro ulivyosema, akatoa sentimita tatu, akakata. Alijisikia mtu mwema siku nzima.

Kiti kikafika kwa Mama Sponji. Mama Sponji hakuwa na tepu ya kupimia miguu ya kiti, alikuwa na mkasi na huruma. Alilipunguza sponji la kukalia sentimita tatu, akavuta kitambaa cha kijani, akapigilia pini. Kila mmoja alipokiona kiti kimekamilika, kimeshuka vizuri, alijipongeza moyoni na kuwaonea wenzake huruma kwamba hawajui walivyookolewa.

Alhamisi alasiri mama alikuja tena. Kiti kilikuwa kinang'aa. Alikishika mikono, akajishusha, akajishusha, akaendelea kujishusha, mpaka mwishoni akaangukia, pu! Magoti yakamfika karibu na kifua.

"Laini," alisema.

"Sasa nyanyuka, mama."

Alijaribu mara ya kwanza. Alijaribu ya pili, uso umemkaza. Alijaribu ya tatu, akaacha, akatazama sakafu. Penseli alimpa mikono yote miwili akamvuta. Mama alicheka, hehehe, akajipangusa gauni ambalo halikuwa na vumbi, akasema, "Msijali. Mimi kusimama napenda tu."

Penseli alimsindikiza hadi nje. Aliporudi alikuwa na hasira na uchungu pamoja, hajui aanze na kipi. Alichukua tepu.

"Thelathini na tisa," alisema. "Fundi, thelathini na tisa! Mimi nilichora arobaini na tano!"

Fundi alikohoa. "Mwanzo si ilikuwa hiyohiyo arobaini na tano?"

"Mwanzo ilikuwa arobaini na nane. Nilikosea, nikafuta. Niliona haya kuwaambia."

"Ah." Fundi alikaa kwenye benchi lake la kazi. "Mimi nilipunguza tatu. Sikutaka kukuvunja moyo."

Wote wawili walimgeukia Mama Sponji. Alikwenda kwenye kapu lake la mabaki, akatoa kipande cha sponji, akakiweka mezani. Penseli alikipima kwa macho tu. Kilikuwa na unene wa sentimita tatu.

"Jamani," alisema Mama Sponji, "wema wetu utakuja kumkalisha mtu chini ya ardhi."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, Fundi huyohuyo wa maneno ya kuhesabu, na alicheka mpaka akashika ukingo wa benchi. Penseli alicheka huku machozi yanamtoka, na yale machozi hayakuwa yote ya kicheko. "Nilitaka anyanyuke mwenyewe," alisema. "Hilo tu ndilo nililotaka." Kisha akawasimulia habari ya zahanati, kwapani, mtandio, kila kitu. Miaka sita hakuwahi kuwasimulia jambo kama hilo.

Fundi alivua kofia, akaivaa tena. "Miguu imefungwa kwa boliti. Nachonga mingine minne sasa hivi. Mama Sponji, rudisha tatu zako. Mimi narudisha zangu."

"Na zangu?" Penseli aliuliza.

"Zako zibaki. Hizo ndizo zilizotakiwa."

Walifanya kazi kwa kelele, jambo ambalo karakana ile haikulizoea. Fundi hakushusha msumeno kabla ya kutaja namba kwa sauti na wenzake kuirudia. Mama Sponji alimwambia mkono wa kiti ni mwembamba, Fundi akanuna kidogo, akaushika, akakubali. Jua lilipozama kiti kilikuwa arobaini na tano kamili, na watu watatu walikuwa wamekipima.

Ijumaa asubuhi mama hakutaka kuja. Penseli alimbembeleza mpaka akaingia, akakaa, nyayo zikatua sakafuni.

"Kinafaa?"

"Kizu..." Mama alimtazama mwanawe, akalimeza hilo neno. "Mkono wa kushoto una kibanzi. Kinanichoma."

Wote watatu waliruka kuchukua msasa. Wakasimama katikati, wakatazamana.

"Nani anapiga?" aliuliza Penseli.

"Mimi," alisema Fundi, akapiga, wawili wakasubiri.

Nesi mkuu aliwahi. Aliingia kabla mama hajajaribu kunyanyuka, na alipomwona pale kitini alisahau kabisa alichofuata. "Shikamoo mama! Na wewe uko huku?" Akaweka mkoba chini, akamsogelea kwa mazoea, mikono imeshanyooshwa kuelekea kwapani.

"Marahaba. Hebu niache kwanza," mama alisema.

Aliweka viganja juu ya mikono ya kiti. Alivuta pumzi. Penseli alijikaza asisogee, akashika meza kwa nyuma. Mama aliinama mbele, magoti yakalalamika, wote wakayasikia, akapanda polepole mpaka akasimama wima, mtandio wake kichwani.

Hakuna aliyesema kizuri. Mama aligeuka, akakitazama kiti, akakaa tena. Akanyanyuka tena. Mara ya tatu alikuwa anatabasamu waziwazi.

Nesi mkuu bado alikuwa amenyoosha mikono.

"Hiyo mikono, mwanangu," mama alimwambia, "kaandikie oda ya viti."