Safu ya Kulia

Kwa miaka ishirini na miwili darasa la sita la shule yetu ya Muhumba, mjini Bukavu, lilikuwa langu. Nasema langu bila kuona haya. Diploma yangu niliitafuta mwenyewe: mchana nilijenga kuta za watu, jioni nilikaa kwenye benchi la masomo ya jioni, saruji bado ikiwa kwenye kucha. Ndiyo maana Madame Consolate, mkuu wa shule, aliponiita ofisini mwezi wa nne na kunionyesha projekta iliyotumwa na wanafunzi wetu wa zamani walioko Ubelgiji, sikukiri kwamba sijawahi kugusa kitu cha namna ile.

“Maître Ezéchiel,” akasema, “inspecteur atakuya tarehe kumi na tano ya mwezi wa tano. Anataka kuona leçon moja ya darasa la sita na hii mashini.”

“Mkaguzi ataiona.”

“Sitakuficha, Papa. Kama haitaenda muzuri, darasa nitaipatia Larissa. Wewe utakamata daftari ya wenye kuchelewa, pale ku mulango.”

Nilijua maana yake. Kwetu mlangoni huwekwa mwalimu ambaye watu wanangoja tu afe.

Larissa alifundisha darasa la nne, na kompyuta aliijua kuliko sisi sote. Nilimfundisha mwenyewe kugawanya kwa tarakimu mbili. Sasa, kila mchana watoto wakisharudi nyumbani, alinifundisha yeye, kuanzia kushika kipanya cha kompyuta.

“Maître, usikaze mukono vile. Souris haiko nyundo.”

“Nyundo nilijua kuitumia.”

“Njo naona! Utanivunjia meza ya Leta, mali ya serikali.”

Alicheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu. Alinionyesha jinsi ya kufungua ukurasa, kuandika na kuusukuma ukutani. Alirudia neno moja kila siku: ukurasa mmoja, picha moja, maneno machache. Nilimsikiliza, lakini moyoni nilikataa. Maneno machache! Ni mkaguzi gani huyo nitakayemridhisha kwa maneno machache?

Hapa kwetu mwalimu haingii darasani bila fiche. Ni karatasi ya maandalizi yenye safu mbili. Kushoto unaandika maswali utakayouliza. Kulia unaandika majibu ambayo wanafunzi watatoa. Mkaguzi akifika, kabla hajakaa ananyoosha mkono: fiche. Kisha anafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, aone kama darasa linakwenda kama karatasi ilivyosema. Fiche zangu ziliazimwa na walimu hadi Katana, nje ya mji. Tena safu yangu ya kulia ilikuwa na jambo ambalo sikulijifunza kwa mtu. Mbele ya swali jepesi niliandika jina la mtoto dhaifu, ili nimpe yeye. Katika darasa langu hakuna mtoto aliyerudi nyumbani bila kujibu walau mara moja na kupigiwa makofi. Watoto wenyewe hawakujua, maana karatasi ile hawakuiona kamwe.

Basi nikaamini kwamba mashine hii ndiyo fiche mpya, na kwamba mkaguzi angetaka kuiona imekamilika. Nikainakili yote, safu zote mbili, neno kwa neno. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili kwa vidole viwili. Nilikuwa nikitafuta herufi; maneno sikuyasoma tena.

Siku moja kabla ya ukaguzi Larissa akaja nyuma yangu. Nikaifunga kompyuta.

“Maître, nionyeshe basi, mbele inspecteur afike.”

“Mwalimu haonyeshi kazi yake nusu nusu kama fundi wa kubahatisha.”

“Aba! Miye niko mutu wa inje? Si ulinifundisha weye mwenyewe?”

“Ndiyo sababu.”

Ingetosha ningeinua kile kifuniko cha kompyuta kidogo tu. Sikukiinua.

Umeme wa Bukavu unajulikana. Asubuhi ile nilimwomba Mungu ukatike. Haukukatika. Larissa alitundika vitenge madirishani, akawasha projekta, akanipa kidude cha kubonyeza ili kurasa zibadilike, akaenda darasani kwake. Mkaguzi alikaa nyuma kabisa, Madame Consolate kando yake. Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo.

Tulipokuwa tukisomea ualimu tuliambiwa: usiwape wanafunzi mgongo. Kwa hiyo nilisimama nikiwatazama, ukuta wenye mwanga nyuma yangu. Fiche niliijua kwa moyo. Nikabonyeza.

“Kwa nini nyumba za mlimani zinaanguka wakati wa mvua?”

Siku zote swali kama hilo hupata mikono mitatu. Siku hiyo waliinua mikono wote, na kabla sijamtaja mtu wakajibu kwa sauti moja: “Kwa sababu watu wamekata miti na wamejenga bila mifereji ya maji!”

Jibu zima, lililokamilika, kama nilivyoliandika.

“Na miti inasaidia nini?”

“Mizizi ya miti inashika udongo wa mteremko!”

Niseme ukweli: kwa dakika kama kumi nilikuwa mwalimu mwenye furaha kuliko wote wa mji huu. Nilisema moyoni, kumbe kitu hiki kinaamsha vichwa. Nilimwona Madame Consolate ameinamisha uso, nikadhani ameguswa. Mkaguzi aliacha kuandika. Watoto walicheka, nikadhani ni furaha. Nikabonyeza tena.

“Nani atanitajia kitu kimoja kinachobebwa na maji ya mvua?”

Mikono yote chini. Halafu Willy, mtundu wa benchi la mwisho, akasema:

“Maître, ile haiko ya siye. Iko ya Mapendo. Baliandika jina yake pale.”

Darasa likalipuka. Nikageuka.

Herufi zilikuwa kubwa kama milango. Kushoto, swali langu. Kulia: *Udongo. (Mapendo, dhaifu sana. Apewe swali hili. Darasa lipige makofi.)*

Na kwa kuwa iliandikwa, wakapiga makofi.

Mapendo alikuwa binti wa miaka kumi na miwili kutoka Nyangezi, aliyekaa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome. Hakuficha uso. Alikuwa akisoma ukuta polepole, midomo ikicheza, kama alivyosoma kila kitu. Alisoma hadi mwisho.

Nilibonyeza ili maneno yaondoke. Ukaja ukurasa mwingine wenye majina mawili mengine. Larissa alinionyesha namna ya kuzima picha, mkono ulisahau. Nikasimama mbele ya ukuta nijaribu kuziba maandishi kwa mwili wangu, yakaniangukia kwenye shati, na watoto wakayasoma huko huko.

Ofisini mkaguzi hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

“Maître, fiche yenu ni nzuri. Ni ya kuonyesha kwa walimu wadogo. Lakini leo batoto hawakufikiri hata kidogo, na wale dhaifu mumewaumiza.”

“Muniruhusu nirudie,” nikasema. “Wiki moja tu.”

Akamtazama Madame Consolate.

“Papa,” akasema Madame, “nilikuambia mbele.”

Larissa alinikuta uani. Hakuwa na mzaha tena.

“Ningeona hata ukurasa moja tu, Maître.”

“Najua.”

“Sikuomba darasa yako. Haki ya Mungu.”

“Ichukue. Uwasimamie kwenye examen ya Leta. Zimebaki wiki chache.”

Ijumaa niliomba kipindi kimoja cha mwisho. Niliandika ubaoni kwa chaki hesabu ya mafungu, ngumu kidogo, lakini nilikuwa nimeifanya pamoja na Mapendo mara mbili wiki iliyopita. Nikamwita. Akasimama, mikono nyuma.

“Maître, hii iko ya badhaifu ao ya bengine?”

“Ni ya wote, binti yangu.”

“Basi uulize bote.”

Akakaa. Hakuna aliyecheka, hata Willy. Nilifanya hesabu ile mwenyewe hadi mwisho, kengele ikalia.

Jumatatu nikapewa kiti mlangoni. Mapendo hakuchelewa siku hiyo, hakuja kabisa. Jumanne vilevile, na Jumatano. Alhamisi akafika mwanamke mwenye kikapu, akanisalimu kwa Mashi, lugha ya Nyangezi, na kujitambulisha kuwa shangazi ya Mapendo. Alikuja kurudisha vitabu vya shule vya mtoto.

“Anaugua?” nikamuuliza.

“Haugui. Alikatala. Alirudia kwa mama yake Nyangezi, wanalima. Anasema masomo haiko yake, hata mwalimu aliandika vile, bote baliisoma.”

“Na examen? Jina lake limekwisha kutumwa.”

“Nilimupiga, nilimubembeleza. Hapana.” Akahamisha kikapu mkono wa pili. “Ule mwalimu, nitamukuta fasi gani? Nataka nimuangalie ku macho.”

Nikatazama viatu vyake, vilivyojaa tope la njia.

“Hafundishi tena,” nikamwambia, nikamfungulia mlango apite.