Roshani ya Babu Matano

Nyumba yetu ya mjini Chake, pale mtaa wa zamani wenye maduka, haina kabila. Mlango ni wa Kihindi, umejaa maua na njumu za shaba. Matao ya ukumbini ni ya Kiarabu. Nguzo mbili za mbele babu Matano aliziiga kwenye jengo la Mzungu, ila yeye akazinenepesha, maana hakupenda kitu chembamba. Alitoka bara akawa fundi wa watu, na kila nyumba aliyoijenga alitamani kipande chake. Alipojenga yake, mwaka wa karafuu nyingi, hakujinyima. Juu ya yote akaweka roshani ya mbao inayotazama barabara, imetobolewa nakshi toka chini hadi juu.

Roshani hiyo ndiyo mdogo wangu Mjaka alitaka kuing'oa kabla ya harusi ya mwanawe wa pekee, Suhaila.

"Dada, nyumba gani hii, kama pilau iliyomwagiwa mchuzi wa papa?" alisema. "Natia alumini na vioo vyeusi. Wanawake mtaona nje, wa nje hawakuoneni."

"Na mbao hizi zikifanya kazi gani miaka yote?" nikamuuliza. "Tena wee una kabila gani hata uicheke nyumba? Babu Mnyamwezi, bibi Mtumbatu, mama mtu wa Ole, na hizo ndevu mie sijui n'za nani!"

Hakucheka. Mjaka akishika lake hashikiki.

Niliumia, sisemi uongo. Kwenye roshani ile mama alinisuka nywele. Kwenye matundu yake nilimwona mume wangu mara ya kwanza, anakula embe katikati ya barabara bila haya, maji yanamchuruzika viwikoni. Nikajua yote niliyotaka kujua.

Fundi Jabir alianzia chumba cha pembeni, anacholala Mjaka mwenyewe. Mbao zilizotolewa nikazisukumiza uvunguni mwa kitanda changu, nikakaa juu yake. Mchana ule, haki ya Mungu, kioo kilimpa Mjaka ushindi: ukisimama barabarani huoni ila mawingu. Akazunguka mtaa mzima akijisifu.

Magharibi aliswali nyumbani, kisha akawasha taa. Mimi nilikuwa natoka kwa jirani ng'ambo ya barabara, na watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Nikaona wote wamesimama, shingo juu.

Kioo kile humficha aliye gizani tu. Mchana giza liko ndani. Taa ikiwaka, mambo hugeuka. Mjaka alikuwa akijiona mwenyewe, nasi tukimwona yeye: singlendi, msuli, na kofia mpya ya harusi. Mkononi kashika mpini wa ufagio, kama baba anavyomshika mkono bwana harusi. Sauti haikutufikia, lakini nani asiyeyajua maneno ya kuozesha? Akautikisa ufagio kwa heshima, akakosea, akajipiga kipaji cha uso, akaanza upya. Barabara nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena sana.

Kisha Mjaka akauweka ufagio chini. Akakaa kitandani, akavua kofia, akajifunika uso nayo, mabega yakaanza kumtikisika.

Kicheko kikakatika. Watu wakaondoka mmoja mmoja, macho chini.

Nikapanda ngazi mbio na magoti yangu haya mabovu, nikazima taa.

"Vipi, dada?"

"Mtaa mzima umekuona, Mjaka."

"Na ufagio?"

"Ufagio wameucheka. Hayo mengine hakuna aliyeyacheka."

Asubuhi alimwita Jabir arudishe mbao. Vioo, alisema, vinaleta joto. Nikainua shuka la kitanda bila neno, jambo ambalo kwangu si dogo.

Ijumaa alimwozesha Suhaila bila kukosea hata herufi. Alasiri gari likaja kumchukua bibi harusi kumpeleka Jadida, Wete, na wanaume wote wakawa chini wakimngoja baba yake aje asimame nao. Yeye alishaaga, haraka haraka, kisha akapotea. Nikamkuta roshanini peke yake, koti limemkaa upande.

"Dada, hapa hawanioni?"

"Hawakuoni."

"Kweli?"

"Wallahi hawakuoni."

Akaegemeza kipaji chake kwenye nakshi za babu, na gari lilipowashwa, mdogo wangu akalia mpaka akatosheka.