Plagi za Taa za Mbele

Fundi alikuwa amefura tangu asubuhi, na asiyemjua angedhani ile pikapu kuukuu imemtukania mama yake. Alichomoa nyaya za betri kwa kishindo, huku akibwata peke yake. Pikapu ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Wiki tatu nyuma ilizima taa za mbele ghafla, wakati wa magharibi, mvua ikinyesha, ikaingia mtaroni. Shemeji alitoka mzima. Dada alivunjika mguu, na sasa alikuwa amelala kwa wazazi wake, hataki hata kumwona mumewe.

Kesho yake familia mbili zingekutana kuamua kama ndoa ipo au haipo. Aliyeyafikisha mambo huko ni fundi mwenyewe. Alizunguka kwa kila shangazi na kila mjomba akiwaambia kwamba mtu yule ana mkono wa birika, gari bovu halipeleki kwa mafundi, analiendesha kwa dua tu. Sasa alitaka ushahidi wa kushika mkononi.

Aliupata upesi. Nyuma ya taa ya kushoto, plagi inayounganisha nyaya ilikuwa imeota kutu ya kijani hata pini hazionekani. Akaipulizia dawa, akaisugua kwa mswaki mkuukuu, akazikwangua pini moja moja kwa msasa uliokunjwa mwembamba. Unga wa kijani ukamjaa vidoleni. Kila alivyosugua ndivyo alivyopandwa na mori. Hii haikuanza jana, jamani. Kuna mtu aliiona zamani, akajitia hamnazo. Mshenzi mkubwa!

Akahamia plagi ya kulia. Hii ilikuwa bado imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kilichozungushwa mara nne na kukazwa kwa fundo la mkono wa kushoto. Akakifungua. Ndani mlikuwa na grisi tele, na chini ya grisi, kutu ile ile. Mtu alipaka grisi juu ya uchafu bila kusafisha, unyevu ukafungiwa humo humo kuila shaba taratibu.

Mkono ukasimama. Mjini pale hakuna fundi aliyefunga plagi kwa tyubu ya baiskeli ila yeye, na ndiye pekee aliyetumia mkono wa kushoto. Akakumbuka. Mwaka juzi, wateja wamejaa, shemeji akaomba taa ziangaliwe, naye akasema moyoni, ah, huyu ni wa nyumbani, hatalalamika.

Tyubu ingeweza kuingia mfukoni, na kesho angesema alichotaka. Nani angejua?

Shemeji akatokea mlangoni mwa gereji, akauliza kwa upole kama kuna kilichopatikana. Macho yake yakatua kwenye tyubu na wala hayakushangaa.

"Ulijua?" fundi akamuuliza.

"Niliiona siku ile tunalivuta gari."

"Ukaniacha nikupake matope kwa ukoo mzima?"

"Dada yako alikwisha nikataa mimi. Ningemwambia, angemkosa na ndugu yake."

Hasira ikampanda fundi upya, mbaya kuliko ya asubuhi, maana safari hii haikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia. Alitamani shemeji amzabe kofi, yaishe. Akampigia dada simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie, akamweleza bila kuuma maneno kwamba plagi zile alizifunga yeye, kwa haraka na kwa dharau, na mumewe hana kosa.

Kitanda kikasikika kikilia, dada akijiinua kukaa.

"Kumbe mguu wangu ni wewe," akasema. "Na kila siku umekaa hapa kitandani kwangu ukimtukana yeye. Mpe simu mume wangu."

Fundi akamkabidhi shemeji simu, akatoka nje juani na vidole vyake vya kijani, asijue pa kuviweka.