Meno ya Maji ya Chai

Kila Jumamosi jioni Godeliva alimkalisha binti yake kwenye kigoda akamsugua meno kwa mkaa uliosagwa, chumvi na ndimu. Alisugua mpaka mtoto akatokwa machozi, na bado mkaa haukufua dafu. Meno ya Agnela yalibaki na rangi ile ile ya kahawia waliyo nayo watoto wote wanaokulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru.

"Mama, mbona wenzangu wote wako hivi?" aliuliza Agnela, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi.

"Wenzako hawauzi nyanya kwenye mabasi."

Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Abiria kutoka Dar walishusha vioo, wakapokea nyanya, kisha wakamkodolea macho mtoto mdomoni. Wapo waliocheka waziwazi, watu wazima na akili zao. Tangu hapo Godeliva alimfundisha Agnela kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Godeliva mwenyewe alikuwa na meno meupe, kwa kuwa maji ya pale, yanayotia meno rangi, aliyanywa akiwa mtu mzima tayari. Maji ya pale hukamata watoto tu, wale wanaoyanywa tangu uchanga, meno ya ukubwani yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi. Kila mama wa pale alijua hivyo bila kuambiwa na daktari.

Godeliva alitoka Burundi mwaka themanini na nane, mtoto wa miezi saba mgongoni, mumewe hakumwona tena. Rwanda walimpa turubai na namba, wakamwambia asifungue mzigo, kwa kuwa angerudishwa kwao karibuni. Hakuufungua, akaendelea mbele. Dereva wa lori la maharage alimpakia, na walipofika Maji ya Chai akamshusha kwa kuchoshwa na kilio cha mtoto. Mama Anande, muuza ndizi wa kando ya barabara, hakumuuliza karatasi. Alimnywesha mtoto maji kwa kikombe cha bati, na baadaye akamkatia mama mtu kipande cha shamba alime nyanya.

Dada yake Godeliva, Spesiosa, alifika mbali zaidi, Denmark. Huko alipewa nyumba yenye joto na baiskeli mpya, ila mwaka mzima jirani hakuitikia salamu yake. Barua yake ya mwisho ilisema kwamba wakubwa wa huko walimpiga mwanawe picha ya meno, wapate kujua kama kweli bado ni mtoto. Godeliva alipomsomea Mama Anande barua ile, walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kumbe Ulaya mtu haulizwi, yanaulizwa meno yake!" alisema Mama Anande.

Kicheko kiliisha mwaka tisini na nane, lilipotoka tangazo. Wakimbizi waliofika kabla ya wimbi la mwaka tisini na tatu, na wanaojitegemea, wangepewa kibali cha kubaki. Waliofika baadaye wangepandishwa lori kwenda kambini, magharibi ya nchi. Godeliva alikuwa na kadi moja tu, aliyopewa mpakani, ya kuonyesha siku aliyoingia, na kadi hiyo mchwa waliila pamoja na kitako cha sanduku. Miaka kumi ya jasho, shamba lenye nyanya zinazoiva, mtoto wa darasa la tatu, vyote vilining'inia kwenye kadi iliyoliwa na wadudu! Alitamani kuwapiga wale mchwa makofi mmoja mmoja.

Siku ya kuhojiwa walikaa kwenye benchi la ofisi ya kata. Afisa aliitwa Fanuel, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyeongea huku midomo karibu imefungwa. Godeliva alimwona mtu wa kujisikia, asiyetaka kuwapotezea wakimbizi hata pumzi.

"Shule inasema mtoto aliandikishwa tisini na sita," alisema afisa. "Hata waliokuja tisini na tatu waliandikishwa hiyo tisini na sita."

Mzee Ephraimu, mjumbe wa nyumba kumi, alisimama na kofia mkononi. "Huyu mama namfahamu tangu themanini na nane. Mtoto alikuwa mgongoni."

"Mzee, shikamoo, lakini wiki iliyopita mjumbe mwingine aliniapia hivyo hivyo, kumbe mtu ana miezi minne. Mimi nataka kitu kisichoweza kuapa uongo."

Alishika kalamu. Godeliva aliiona ikielekea kwenye karatasi ya kambini. Hapo ikamjia barua ya Spesiosa.

"Agnela," alisema, sauti ikitetemeka. "Simama ucheke."

Mtoto alitoa macho, kiganja tayari mdomoni. "Mama, hapana. Watu wote hawa?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuziba, na nilikosea. Toa mkono, mwanangu."

Agnela akautoa taratibu, akafumbua mdomo mbele ya watu. Meno yote ya mbele, juu na chini, kahawia tupu. Godeliva naye akafumbua wake, meupe.

"Nilipomshusha hapa hakuwa na jino hata moja," alisema, na sasa sauti haikutetemeka tena. "Hayo yote yameotea hapa, kwa maji ya hapa. Angekuja tisini na tatu, angekuwa na miaka mitano, meno ya mbele yameshaumbika ufizini, na yangeota meupe kama yangu. Afisa, muulize mama yeyote wa Meru!"

Fanuel alizunguka meza, akainama, akamtazama mtoto mdomoni.

"Kijana wangu," alisema Mzee Ephraimu kwa upole wenye utani ndani yake, "wewe si mtoto wa Elerai, chini ya mlima huu huu? Huna haja ya kumuuliza mama yeyote."

Afisa alijizuia, akashindwa. Akacheka, kicheko kikubwa cha mdomo wazi, na meno yake yalikuwa kahawia kuliko ya Agnela. Godeliva alipigwa na butwaa. Kumbe yale yote aliyoyaona maringo ilikuwa aibu.

"Dada," Fanuel alimwambia Agnela, "mimi nimeziba miaka ishirini na nane. Wewe usizibe tena." Akarudi mezani, akaandika kibali cha wawili na kugonga muhuri mpaka meza ikaruka.

Mama Anande aliyekuwa akisubiri nje alipiga kigelegele kilichosimamisha hata wauza ndizi. Godeliva alilia, akacheka, akalia tena, wala hakuona haya.

Jioni hiyo basi la Dar lilisimama. Agnela alikimbilia dirishani na beseni kichwani, akiita, "Nyanya! Nyanya za Meru!" Alipokea hela, akamshukuru abiria kwa tabasamu zima, mikono yote miwili ikiwa kwenye beseni.

Godeliva alimwangalia mpaka basi likaondoka. Kisha akaingia jikoni, akachukua kopo la mkaa wa meno, akaumwaga wote motoni chini ya maharage.