Mtoto Ambaye Hakupimwa

Zeina alizaliwa mwaka ule bei ya kopra, nazi iliyokaushwa, ilipoporomoka, na katika nyumba yetu ya Msimbazi hatukuwa na neema nyingine ila yeye. Mnene, mwenye rangi ya embe bivu, tena mtulivu. Halii. Unamlaza asubuhi, unamkuta adhuhuri palepale, macho darini. Wanawake walikuja kumtazama na kumsifu, nami, shangazi yake Fakhriya, nikijibu kila sifa kwa mashallah huku nikimfunika uso, maana nayajua macho ya watu wa Kariakoo.

Alipotimiza miezi miwili, mama yake Amna, mke wa kaka yangu Ubeid, alinilalamikia kwamba mtoto hachezi. Ngozi yake ya baridi hata jua likiwaka, kitovu kimetokeza, na choo hapati mpaka siku ya nne. Alitaka kumpeleka kliniki, ambako bibi mmoja wa Kizungu aliwapima watoto kwenye mizani. Nilimkatalia. Sisi wenye duka tunajua kinachopandishwa kwenye mizani: mchele na sukari. Umvue nguo mtoto mnene mbele ya wanawake arobaini wenye watoto wembamba, halafu zitajwe na ratili zake kwa sauti? Nikamwambia anakifuata kijicho kwa miguu yake. Amna alikuwa na miaka kumi na saba, nami ndiye mkubwa wa nyumba, akanitii. Nikamvisha Zeina hirizi na kujiona nina akili.

Miaka mitatu ikapita. Hakusimama, ulimi ulimchungulia mdomoni, na kimo chake kilikuwa cha mtoto wa mwaka mmoja. Waliokuwa wakimsifu hawakuja tena. Ubeid alipochoka na makombe ya kumnywesha na waganga, alituamuru twende hospitali.

Aliyeutambua ugonjwa wake ni dresa, msaidizi wa daktari, Mchaga aitwaye Anaeli, hata daktari mwenyewe hajafika. Alimpapasa Zeina shingoni kwa vidole viwili, akitafuta kitu asichokipata. Kisha akamwomba Amna amtoe mtoto nje kwenye upepo, akabaki na mimi. Alinieleza kwamba kooni mwa kila mtu mna tezi, na kinachotoka humo huingia katika damu kikauamrisha mwili: mfupa urefuke, nyama iote, chakula kigeuke joto na nguvu. Zeina alizaliwa bila tezi hiyo, au anayo na haifanyi kazi. Alikuwa kama jiko lenye mkaa lisilo na moto, kila unachoinjika hakiivi. Dawa ilikuwapo, vidonge vya tezi ya kondoo iliyokaushwa. Nikamwuliza kama atapona.

"Mwili utakua, mama," akasema. "Ubongo haungoji. Angeletwa akiwa na miezi miwili, pengine angekuwa kama wenzake."

Nilimwambia Anaeli kwamba mama wa mtoto nitamweleza mimi mwenyewe. Sikumweleza. Nilimwambia dawa ipo, tumshukuru Mungu.

Na dawa ilifanya kazi, jambo lililonitesa kuliko kama ingeshindwa. Haukwisha mwezi ngozi ikapata joto. Meno yakatoka kwa mfululizo, nywele zikalainika, akarefuka shibiri nzima kwa mwaka, akatembea. Amna akaamini kwamba ulimi utaifuata miguu. Kila asubuhi alimkalisha kizingitini akimfundisha neno moja tu: mama. Miaka miwili alilifundisha neno hilo. Zeina aliutazama mdomo wake, akacheka, kisha akaenda kugonga kichwa ukutani. Mimi nilijifungia chumbani, na bado nilisikia.

Kisha Amna akapata mimba ya pili. Aliponiambia alikuwa na furaha, akasema huyu naye hatampima wala kumtoa nje, kwa kuwa mimi nilisema kweli. Zeina, kwa hesabu yake, aliharibiwa na jicho la mmoja wa wale wanawake waliokuja kumsifu.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Mungu anajua nilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi nilimkuta jikoni anachambua mchele, nikaketi nikamwambia yote: tezi, miezi miwili, maneno ya Anaeli, na kwamba niliyajua tangu siku ile ya hospitali.

Hakulia, hakunitukana. Alichambua mpaka akamaliza ungo mzima.

"Miaka miwili, wifi," akasema. "Ulikuwa unanisikia nikimfundisha."

"Nilikuwa nakusikia."

Akaenda uani, akarudi amemshika Zeina mkono, akauweka mkono ule mkononi mwangu.

"Kuanzia leo mfundishe wewe."

Azzan alizaliwa mzima, na mama yake alimpeleka kliniki mwenyewe, hakunitaka niandamane naye. Amna ananiamkia kila siku na kunipakulia chakula changu, lakini mtoto yule sijampakata hata mara moja. Zeina ana miaka kumi na mmoja sasa, kimo chake kinanifika begani, na dawa bado anameza. Kila asubuhi namkalisha kizingitini, Amna akiwa ndani anasikia, nami namtamkia lile neno, naye anautazama mdomo wangu na kucheka.